Filamu za Mawe

Nilifika Shinyanga kwa treni ya kutoka Tabora nikiwa na sanduku la bati lililojaa matumbawe. Treni ilikuwa imechelewa siku moja na nusu. Njiani tulisimama mahali pasipo na kituo, abiria wakashuka, wakakusanya kuni na kupika uji kando ya reli, kisha tukapanda tena bila mtu kutuambia kilichotokea. Mpagazi aliyenishushia sanduku alilitua chini kwa kishindo.

"Dada, umebeba nini humu? Mawe?"

Nikamwambia ndiyo, mawe. Akacheka, akidhani namtania.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sabuni ilikuwa hakuna, sukari hakuna, mafuta ya taa yanaulizwa kwa kunong'ona. Nilikuwa mtafiti wa ngazi ya chini katika ofisi ndogo ya utafiti wa bahari huko pwani. Kazi yangu ilikuwa kutafuta bahari ilikuwa na joto kiasi gani katika miaka ambayo hakuna mtu aliyeipima. Tumbawe kubwa hukua polepole, na kila mwaka huongeza tabaka jipya juu ya lile la zamani. Kwa macho matabaka hayo hayaonekani vizuri. Lakini ukilikata tumbawe vibao vyembamba na kuvipiga picha ya eksirei, miaka inajitokeza, mstari mweupe, mstari mweusi, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukishaihesabu, unakwangua unga kidogo wa kila mwaka na kuupeleka maabara ya ng'ambo, nao unaeleza maji ya mwaka ule yalikuwa ya joto au ya baridi.

Watu waliniuliza sana bahari inamhusu nini binti wa Kisukuma kutoka Tinde. Jibu langu lilikuwa fupi: mvua zetu zinatoka huko. Nilikuwa nimeona ng'ombe wa nyumbani wakifa kwa ukame nikiwa darasa la tano, nikamuuliza mwalimu mvua imekwenda wapi, naye akasema inategemea bahari. Nililifuata jibu lile kwa miaka mingi, na kufikia mwaka ule lilikuwa limenichosha. Mashine yetu ya kukatia mawe ilikuwa na msumeno butu. Boti haikuwa na petroli. Mashine ya eksirei niliyoahidiwa pwani iliharibika, na fundi wa kuitengeneza alikuwa anasubiri kipuri kutoka nje. Vibao vyangu ishirini na viwili vilikaa kwenye rafu miezi saba, kila kimoja kina urefu wa kiganja, kila kimoja kimebeba kama miaka kumi.

Ndipo ikaja barua ya shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa akiishi Shinyanga mjini. Aliandika kwamba baba anakohoa tangu msimu wa pamba, amekonda, na amemchukua kutoka Tinde akae kwake karibu na hospitali. Mama amebaki na ng'ombe. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeandikiana na kijana niliyesoma naye shule, sasa fundi wa eksirei pale hospitalini. Alisema mashine yao ni nzima na mganga mkuu wa hospitali amekubali niitumie siku mbili. "Lakini uje na filamu zako," aliandika. "Huku hatuna." Filamu nilikuwa nazo. Profesa wa ng'ambo aliyesimamia mradi wetu alikuwa amenitumia boksi moja la filamu ishirini na tano. Nikaomba likizo, nikafunga vibao kwa magazeti na kanga kuukuu, nikapanda treni.

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba uani kwa shangazi, amejifunika koti zito ingawa jua lilikuwa linachoma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu," alisema. Mayu ni mama, na kwetu baba humwita hivyo binti yake akimheshimu. "Mbona umekonda?"

Yeye mwenyewe mabega yalikuwa yamebaki kama henga ya kutundikia nguo. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikavua viatu.

Nikiwa mdogo, miaka ya sitini, baba alifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Geita. Hakuwa mchimbaji. Alikuwa kwenye banda la kupangia mawe yaliyotolewa na mashine ya kuchoronga, vipande virefu vya mviringo ambavyo sisi watoto tuliviita miwa. Kila muwa ulitoka kina fulani ardhini, na kazi ya baba ilikuwa kuhakikisha vipande vinalala kwenye masanduku kwa mpangilio wake, cha juu juu, cha chini chini. Mgodi ulipofungwa alirudi Tinde kulima pamba na dengu. Lakini aliendelea kulizungumzia lile banda kuliko shamba lake.

Jioni ile aliniomba nimfungulie sanduku. Akatoa kibao kimoja, akakigeuza, akakinusa.

"Hili lilikuwa na uhai?"

"Ndiyo, baba. Ni nyumba ya vidudu vidogo."

"Juu yake iko wapi?"

Nikamwonyesha mshale niliouchora kwa penseli. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akakirudisha.

Asubuhi tulikwenda hospitalini taratibu, baba akisimama kupumzika kila baada ya nyumba tatu. Boksi la filamu nilikuwa nimelifunga ndani ya kanga. Nje ya chumba cha eksirei palikuwa na benchi refu la mbao, na juu ya benchi watu saba. Kulikuwa na mchimbaji kutoka Bugarama, mguu wake umefungwa kwa fito na vipande vya shuka, aliyefukiwa na shimo. Kulikuwa na mwanamke wa makamo mwenye mtoto wa kike aliyelala mapajani, mkono wa mtoto umevimba kama ndizi. Wengine walikuwa wanakohoa. Nilimketisha baba mwishoni mwa benchi, mpagazi akatua sanduku la vibao miguuni pake, nikaingia.

Fundi alifunga mlango, tukasalimiana kwa furaha, kisha akashusha sauti.

"Wale wote nimewaambia filamu hakuna. Wengine wamekuja leo mara ya tatu. Hilo boksi usilitoe mbele yao."

"Wanasubiri nini basi?"

"Wanasubiri tu. Waende wapi?"

Tukaanza na baba. Filamu zangu zilikuwa ndogo kidogo kuliko zile za kifua cha mtu mzima. Fundi alimpima kwa macho, akasema, "Kwa alivyokonda, atatosha." Alisema bila ubaya. Baba alisimama kifua wazi, akashikilia pumzi alipoambiwa, akakohoa mpaka akainama. Kisha alivaa shati na kurudi kwenye benchi kunisubiri.

Filamu mbili za kwanza za matumbawe ziliharibika. Mionzi ilikuwa mingi mno, zikatoka nyeusi zote kama chungu. Fundi akapunguza, tukajaribu tena, na picha ilipotoka kwenye dawa nikaiinua, maji yanachuruzika hadi viwikoni. Mistari ilikuwa pale. Niliihesabu kwa kucha, moja, mbili, tatu, hadi kumi na moja. Nilikuwa nimeisubiri miezi saba, na nilichohisi zaidi ni hamu ya kulala pale pale sakafuni. Tukaendelea. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kila kibao kipigwe peke yake, katikati ya filamu, kwa sababu pembeni mionzi hupungua na mistari hufifia. Kwa hiyo kibao kimoja, filamu moja. Tulikuwa tumemaliza vinne nilipotoka nje kuchukua vingine sandukuni.

Watu wote walikuwa wananitazama mikononi. Baba alikuwa amewaelezea. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anajisifia binti yake. Nilimsikia akimalizia maneno yake kwa yule mchimbaji: "... mawe ya baharini. Anayapiga picha, anaona miaka ya zamani ndani yake. Amekuja na filamu zake mwenyewe kutoka ng'ambo."

Nikainama kwenye sanduku. Nilijua nisipoinua uso ningeweza kuingia ndani na kufunga mlango, na hakuna ambaye angenifuata. Yule mwanamke mwenye mtoto ndiye aliyesema, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwetu, kwa adabu kabisa.

"Mama, hatukuharakishi. Tutasubiri mawe yaishe. Kikibaki kidogo, na sisi mtuangalie."

Ningependa kusema kwamba niliamua pale pale. Sikuamua. Niliingia ndani na vibao viwili mikononi, nikaviweka mezani, nikasimama. Nilimfikiria profesa, na ripoti niliyotakiwa kuipeleka kabla ya mwisho wa mwaka. Nilifikiria pia kwamba nimechoka, na kwamba kila mahali ninapokwenda katika nchi hii kuna benchi na watu juu yake, na si mimi niliyewaweka. Niliona hasira ndani yangu, hasira kwa yule mwanamke kwa sababu hakunigombeza.

"Zimebaki ngapi?" nilimuuliza fundi.

"Kumi na nane."

"Nje wako saba."

Fundi alikuwa mtu wa kazi, miezi miwili alikuwa anakuja kufungua mlango wa chumba kisicho na kitu. Alichukua kitambaa akafuta meza, akavisogeza vibao vyangu pembeni, kisha akafungua mlango na kuita, "Mwenye mtoto aingie."

Mkono wa mtoto ulikuwa umevunjika mahali pawili. Nyonga ya mchimbaji ilikuwa nzima, ila mfupa wa paja ulikuwa umepishana, na akina mama wawili walionekana vifua vyao vina madoa ya ugonjwa. Saa tisa alasiri tulikuwa tumemaliza wote saba. Yule mwanamke alipita mbele yangu akitoka, akapiga magoti kidogo, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana." Mimi nilisema, "Haya, mama."

Mganga alikuwa ameahidi siku mbili, kwa hiyo kesho yake tulirudi. Benchi lilikuwa limejaa, na wengine walikuwa wameketi chini ukutani. Habari zilikuwa zimesambaa. Fundi aliniambia nikae ndani nisitoke, yeye atazungumza nao. Nilimsikia akiwaambia filamu si za hospitali, ni za mgeni, na mgeni ana kazi yake. Hakuna aliyepaza sauti. Kisha mganga mwenyewe akaja na karatasi yenye majina matano, akaiweka mbele yangu.

"Sikuombi kama mganga," alisema. "Hawa watano bila picha siwezi kuwafanyia lolote. Wengine nitabahatisha."

Nikatoa tano. Zikabaki sita. Vibao vilikuwa kumi na vinane.

Nilimwambia fundi anipe hadi mchana, nikarudi kwa shangazi na sanduku kichwani mwa mpagazi. Nilimkuta baba uani. Hakuwa amekuja nami siku ile, kwa sababu mganga alikuwa amesoma picha yake na kumwambia asitembee sana. Ilikuwa kifua kikuu. Sindano kila siku kwa miezi miwili, halafu vidonge kwa mwaka mzima. Aliipokea habari hiyo kama mtu aliyeambiwa mvua imenyesha kijiji cha pili.

Nikamweleza. Filamu sita, vibao kumi na vinane. Nikiweka viwili kwenye filamu moja, pembeni mistari itafifia lakini itasomeka. Hivyo ni kumi na viwili. Sita vitabaki.

"Vitatu haviingii?"

"Haviingii, baba."

"Leta."

Tukavitandaza juu ya mkeka kwa mpangilio wake. Baba alishuka kwenye kiti, akakaa chini kwa shida, akaanza kuvigusa. Alifunga macho na kupitisha kidole gumba kwenye kingo, akipima kama kimoja kinaungana na kinachofuata. Wakati mwingine alikohoa, akageuka pembeni, akajifuta, akarudi. Kumbe vitatu vilikuwa vyembamba upande mmoja, vikilazwa mkabala vinabanana. Alivipanga upya mara nne. Mwisho alinitazama.

"Kumi na vinne vinaingia. Filamu mbili zitabeba vitatu vitatu. Vinne ndivyo vinakosa. Unaacha vipi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Nikiacha vya juu, nitakosa miaka ambayo vipimajoto vya meli vilikuwepo, na bila hiyo siwezi kujua kama tumbawe linasema kweli. Nikiacha vya chini, napoteza miaka ya zamani, ambayo ndiyo sababu ya mradi wenyewe. Nikasema nitaacha vinne vya katikati. Kama miaka arobaini.

"Na ukifika katikati utahesabuje?"

"Nitakadiria. Kila kibao ni kama miaka kumi. Nitaunganisha."

Baba akasema kwa ukali ambao sikuwa nimeusikia kwake tangu utoto.

"Usiunganishe. Bandani, mashine ikila mwamba na muwa usipatikane, tulikuwa tunaweka kipande cha mti. Tunaandika juu yake kutoka hapa hadi hapa hakuna. Kulikuwa na mwenzangu mmoja aliyekuwa anasogeza mawe yakutane, sanduku lionekane limejaa. Wazungu walichimba chini kwa hesabu yake, wakakuta mawe matupu. Mwambie mkubwa wako hapa hakuna."

"Baba, nikimwambia hivyo, chini ya pengo miaka yote inakuwa ya kukisia. Kazi inaharibika."

"Imeshaharibika," alisema. "Unachouliza ni kama utaificha."

Nilimkasirikia yeye pia. Nilikusanya vibao, nikaenda hospitalini, nikavipiga picha vile kumi na vinne jinsi alivyovipanga. Zilitoka vizuri kuliko nilivyotarajia.

Likizo yangu ilikuwa ya wiki mbili. Nilikaa Shinyanga karibu miezi miwili, kwa sababu shangazi alikuwa mzee na hapakuwa na mwingine wa kumpeleka baba kwenye sindano. Kila asubuhi tulikwenda, tukasubiri, tukarudi. Makalio yake yalikuwa magumu kwa sindano hata muuguzi akawa anatafuta mahali. Mchana nilifua kwa majani ya mpapai maana sabuni haikupatikana, na dukani kwa mfanyabiashara wa Kihindi jirani yetu nilikuwa nimezoea kuuliza huku nimeshageuka kuondoka. Sikufungua bahasha ya picha hata siku moja. Baba hakuniuliza habari za mawe tena. Wiki ya sita alianza kulalamika kwamba shangazi anapika ugali mlaini kama wa watoto, na shangazi akaenda jikoni kulia kwa furaha.

Niliporudi pwani nilihesabu. Nilikaa dirishani na lenzi, picha moja baada ya nyingine, macho yakitoa machozi. Nilipofika kwenye pengo niliandika kwenye ripoti kwamba vibao vinne havikupigwa picha, kwamba miaka iliyo chini yake haina uhakika, na kwamba filamu zilitumika kwa wagonjwa kwa idhini yangu. Mistari mitatu. Niliiandika mara nyingi sana, nikijaribu kuifanya iwe miwili.

Jibu lilichukua miezi mitano. Profesa aliandika kwa upole. Alisema anaelewa, kwamba pengine naye angefanya hivyo, na kwamba kwa bahati mbaya wafadhili hawawezi kuendelea na sampuli ambayo miaka yake haihesabiki. Hakuwa mwongo. Nilijua tangu siku ile mkekani kwamba barua hiyo itakuja, lakini nilipoisoma nilienda kukaa kwenye ngazi nyuma ya ofisi. Mwenzangu mmoja alikuja kuniuliza kama nimefiwa.

Vile vibao vinne niliendelea kuviombea filamu kwa miaka mitatu. Kisha idara ikahamishiwa jengo jingine nikiwa masomoni, na niliporudi hakuna aliyejua sanduku lilikwenda wapi. Nilifanya kazi na matumbawe mengine baadaye, kwa vifaa bora, na hesabu zangu zimetumiwa na watu. Lile la kwanza halikutumika popote.

Baba aliishi miaka sita zaidi. Alirudi Tinde, akalima dengu, akauza ng'ombe wawili, akanunua baiskeli na kugombana na jirani kuhusu mpaka. Tulikuwa tukionana mara moja kwa mwaka. Safari moja nilimkuta anapalilia peke yake, shati limelowa mgongoni, na nikamwambia apumzike. Akasema atapumzika akifika kwenye ule mstari wa mwisho, akanionyesha kwa jembe. Nikavua viatu, nikachukua jembe lingine, nikaingia shambani nyuma yake.